Mama Mretemu wa Bertrams

Ukimtafuta Jocelyne mtaani Bertrams, usiulize Jocelyne. Utazungushwa mpaka miguu iwake moto. Uliza Mama Mretemu. Hata vijana wa Kizulu wanaoshinda nje ya spaza, kile kiduka cha mtaani, watakuonyesha kwa kidole, ingawa hawajui kama mretemu ni mnyama au ni dawa ya tumbo. Teremka barabara, pita nyumba yenye mabati mekundu, na ukiona kichaka kinachungulia juu ya ukuta kwa kiburi, umefika. Ndivyo walivyokuwa wakielekeza mpaka majuzi. Siku hizi kichaka hakipo, ila jina limebaki.

Na tusidanganyane: kichaka chenyewe hakikuwa na sura. Majani hakina ya maana, ni fimbo za kijani tu, nyembamba, zimesimama wima kama ufagio uliogeuzwa juu chini. Mwaka mzima kimenuna. Baridi ya Johannesburg ikianza kulegea ndipo kinalipuka maua ya manjano makali, na harufu yake tamu inajaa uani mpaka inakera. Maua yakiisha yanaacha maganda meusi, na jua likichoma maganda hayo yanapasuka pa! pa! na kurusha mbegu hadi kwenye vibaraza vya watu. Mwanaharusi, mwanamke wa Tanga aliyepanga chumba cha nyuma na kuuza sambusa karibu na uwanja wa mpira, alizifagia mbegu hizo kila msimu huku akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna miti haina haya kama watu wengine.

Kilipandwa na mama yake mwenye nyumba, bibi wa Kireno aliyetoka kisiwa cha kwao Ureno. Huko, kwa maneno ya mwanawe, vichaka hivyo huota vyenyewe kwenye miteremko mikavu juu ya bahari, mahali ambapo hata mbuzi hukata tamaa. Bibi alikuja na mbegu zimefungwa kwenye leso, akazifukia uani, akazeeka, akafa. Mwanawe alikiita kwa jina la kwao, giesta, na hakukijali hata kidogo. Alichojali ni kodi.

Sasa giesta ya Mreno iligeukaje kuwa mretemu? Hapo ndipo pana kisa.

Jocelyne alikuja mji huu kutoka Uvira akiwa na mume, cherehani na mimba. Mume, Théodore, alikuwa mlinzi kwenye majumba ya matajiri. Murielle akazaliwa hapa hapa. Mtoto alipokaribia umri wa kuanza shule, Théodore akasema anakwenda Cape Town kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke akampata, na simu yake ikaacha kuita. Cherehani nayo, kama iliyosikia habari, ikavunjika. Jocelyne hakuwa na ndugu, wala Kiingereza, wala mtu wa kumwambia kwamba ameshindwa. Adhuhuri moja akaketi chini ya kile kichaka na mtoto pembeni, na kikombe chekundu cha plastiki chenye maji ya machungwa, ndani yake ametia kitu kisichotiwa. Alitaka kulala asiamke. Wala hakutaka kumwacha mtoto nyuma, maana angemwachia nani?

Geti likafunguliwa. Aliyeingia ni Pasta Parfait, mtu wa mtaa wa Turffontein, aliyekuwa anatafuta fundi maana suruali yake ilikuwa imefumuka nyuma na ana ibada. Kwapani ana mkate, mkononi ana chupa ya maji. Pasta Parfait ni mtu wa ishara. Ukipiga chafya mbele yake anatafuta maana. Alipomwona mwanamke mwenye macho yaliyokufa ameketi chini ya kichaka kikavu, akapiga ukelele mpaka ndege wakaruka:

"Mama! Weye unajua umeikala chini ya nini? Hii iko mretemu!"

Kila Mkristo wa kwao anajua habari ya nabii aliyemkimbia malkia mkatili, akaenda jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe, na malaika akamwamsha kwa mkate na maji. Lakini nani kati yao amewahi kuuona huo mretemu? Uvira kuna michikichi na miembe. Maandiko ya Kiswahili yanataja mretemu na kuendelea na safari zake, hayasimami kuueleza. Kwa hiyo Pasta alipokuta mtu aliyekata tamaa chini ya kichaka, mwenyewe kabeba mkate na maji, alijumlisha haraka kama kawaida yake. Kikombe chekundu kilianguka, ardhi ikanywa. Pasta akamega mkate, akawalisha mama na mtoto kwa mkono wake, na suruali akaisahau kabisa.

Kosa? Kosa. Lakini taja ukweli mmoja uliowahi kukuokoa namna hiyo.

Tangu hapo kila Jumatano, saa sita mchana, watu walikuja. Kwanza wanawake wa kanisa la Pasta, halafu wanawake wa makanisa mengine, halafu hata wanaume wenye aibu waliosimama kando wakijifanya wanasubiri nguo zao. Mlinzi aliyefukuzwa kazi, msusi aliyevunjiwa kibanda, mama ambaye mwanawe hapigi simu kutoka Lubumbashi. Jocelyne aliwakalisha chini ya kichaka, akawasha mbabula, lile jiko la makaa la kwao, kwa fimbo kavu za kichaka hicho hicho, akaoka mikate ya bapa juu ya makaa. Na sheria ilikuwa moja: hakuna kuondoka bila kula mkate na kunywa maji. Mtu asiyekula alikuwa mpelelezi.

Usidhani alikuwa mpole. Walioponywa na Jocelyne waliponywa kwa ukali. "Lia mbio mbio, benzako banangoja," alikuwa akisema. Ukikaa vibaya alikusogeza kwa goti. Lakini ukishakula, alisimama mbele yako, mikono kiunoni, akatoa ushuhuda wake, na hapo hata wenye mioyo ya mawe walilowa. Alisimulia Théodore, alisimulia cherehani, alisimulia kikombe: jinsi alivyokiinua kwa mkono wake mwenyewe, jinsi kilivyogusa mdomo wake, ladha ya plastiki, na mtoto amelala fofofo hajui kitu. Halafu alinyoosha kidole.

"Na mutoto njo ule! Murielle, simama bakuone!"

Murielle akasimama, na sare zake za shule, wanawake wakamshika kichwa na mashavu wakimsifu Mungu. Wengine walimlilia mabegani. Alipofika umri wa kuota chunusi alikataa kusimama. Jocelyne hakuona shida. Alianza kunyooshea kidole dirisha la chumba chake, na watu wote wakageuka kutazama pazia.

Msichana huyo anasikia kila neno la Kiswahili, lakini hajibu kwacho. Ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Siku hizi ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye bustani inayouza miche upande wa Kensington, anarudi na udongo kwenye kucha. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonja mkate wa Jumatano. Mama yake alikuwa na maelezo yake: "Mukate ya mama haimuingie. Anataka ya duka, ya plastiki."

Hivyo ndivyo Jocelyne, fundi cherehani ambaye mumewe alimwacha kama ndala zilizokatika, alivyopata cheo. Kanisani alikaa mbele. Harusini aliletewa nyama kabla ya wajomba. Vyote hivyo vilishikiliwa na kichaka kile, naye alijua. Ndiyo maana alikilinda kama simba jike, na ndiyo maana urafiki wake na Hélène ulikufa kwa siku moja.

Hélène ni msusi wa Bukavu, mwanamke wa maneno machache na vidole vyepesi. Ndiye aliyemsuka Murielle tangu ana nywele za kushikika. Walikuwa wakigawana chumvi. Basi Jumatano moja, baridi imelegea na kichaka kimeiva maua, Hélène akatoa simu yake katikati ya wanawake, akasema polepole:

"Bamama, muone. Hii iko picha ya mretemu, kule kwa inchi ya nabii. Maua yake iko meupe. Yetu iko manjano."

Wanawake wakanyoosha shingo kuiona simu.

"Simu yako," alisema Jocelyne, "inamujua Mungu kupita Pasta?"

"Sisemi Mungu. Ninasema maua."

"Toka."

"Mama Murielle, miye..."

"Toka kwa geti, kabla sijakutoa na hii sufuria ya maji!"

Hélène akatoka, mkate wake haujaliwa, kauweka juu ya ukuta. Jocelyne aliuchukua akawarushia njiwa. Tangu siku hiyo wakikutana Yeoville sokoni, kila mmoja anaona mboga za upande wa pili ni nzuri sana. Wanawake wa Jumatano walisahau habari ya maua meupe, au walijifanya. Jocelyne hakusahau. Chuki yake aliipalilia, akaimwagilia, ikastawi.

Ndipo mwezi wa kumi wakaja watu wa manispaa, wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa, na Mreno nyuma yao anakuna shingo. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, alieleza kwa upole kwamba kichaka hiki ni cha kigeni, kinasambaa, kinabana mimea ya nchi, na kimeripotiwa. Kitakatwa. Mwanaharusi akatafsiri, akiweka na bashasha kidogo ya kwake.

"Wanasema ni cha kigeni, dada. Hakina kibali."

"Nani aliripoti?" Jocelyne aliuliza. Hawakumwambia. Alimgeukia Mreno, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kama atakubali mti wa mama yake ufe. Mreno akainua mabega. Alisema hataki faini.

Walikikata mchana huo huo. Kilipiga kelele chini ya msumeno, maganda mabichi yakatawanyika. Halafu wakakipaka kisiki dawa ya buluu kisichipuke tena, wakapakia fimbo zote kwenye lori, maua yake bado yamo, wakaenda. Jocelyne alisimama mlangoni akiangalia ule uwazi. Ukuta ulionekana wote, na nyaya za umeme, na nyumba ya jirani ambayo hakujua ina dirisha upande huo. Hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa ikazunguka mwilini, na ilipotulia ilitulia kwenye jina moja. Nani mwingine? Nani alisema kichaka si mretemu? Nani alifukuzwa?

Ulimi wa Hélène ulikuwa umemmalizia maisha. Na kwa ulimi wa uongo Maandiko yana dawa yake, tena imetajwa kwa jina: makaa ya mretemu.

Wale wanaodhani hili ni wazimu hawajui makanisa yetu. Pasta Parfait mwenyewe alikuwa amewafundisha matendo ya kinabii: kukanyaga chupi ya mchawi, kumwaga mafuta kwenye ngazi za ofisi inayokunyima karatasi, kuzunguka nyumba ya adui mkiimba. Jocelyne alikuwa na vigogo vikavu vya shina, amevirundika chini ya meza ya cherehani kwa ajili ya mikate. Jumamosi mchana aliviwasha vyote. Alipuliza mpaka macho yakatoa machozi, akangoja moshi uishe, na makaa yalipokuwa mekundu mpaka ndani akaishika mbabula kwa vitambaa viwili.

Mwanaharusi alikuwa mlangoni kwake anakunja sambusa. Alipoona moto unatoka na miguu, akasimama.

"Dada Jocelyne, wapi tena na jiko? Hebu ngoja, kuna neno nataka nikwambie."

"Neno yako uiweke kwa sambusa."

"Ni kuhusu huo mti, dada. Nisikilize kwanza, usije ukaumbuka."

"Weye ulifurahi kukatwa kwake! Ulifurahi! Nikirudi nitakuletea na yako."

Mwanaharusi akakaa chini. "Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, akaendelea kukunja.

Ilikuwa siku ya mechi. Barabara imejaa mashabiki na teksi, na katikati yao anapita mwanamke mnene wa makamo, kitenge kimekazwa, mbabula imeinuliwa mbele, uso unang'aa jasho. Pale kwenye robot, taa za barabarani, dereva wa teksi alitoa kichwa akamwuliza kwa Kizulu nyama iko wapi, abiria wakacheka. Polisi mmoja alimtazama, akafikiri, akaamua hajamwona. Jocelyne hakugeuka. Mikono ilikuwa inaungua, naye alifurahia kuungua huko.

Hélène alikuwa ndani mwake, ng'ambo ya robot, anasuka. Mlango ulikuwa wazi. Jocelyne hakubisha hodi. Alisimama kizingitini, akalia kwa sauti ile ya Jumatano, "Ulimi ya uongo, kamata mushahara yako!" akaipindua mbabula. Makaa yakamwagika juu ya kizingiti na zulia dogo la kujipangusia miguu. Zulia likaanza kunuka. Msichana aliyekuwa anasukwa akaruka, kichwa kimesukwa nusu, akapiga mayowe.

Hélène akanyanyuka bila haraka. Alichukua ndoo ya maji ya kuchovyea nywele, akamwaga. Moshi mweupe ukapanda kati yao. Ulipotawanyika, walikuwa wanatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya maua.

"Umemaliza?" Hélène aliuliza.

"Weye njo uliita manispaa!"

"Miye?" Hélène alicheka kidogo, bila furaha. "Nilisema maua iko manjano. Nilisema mbele yako, mbele ya bamama bote, na simu kwa mkono. Miye ninapenda kusema mbele ya mutu. Uko na mutu kwa nyumba ambaye hana nafasi ya kusema mbele yako. Enda umuulize."

"Nani?"

"Mutoto ninayemusuka kila mwezi, na kila mwezi ananilalia hapa kwa magoti na kulia. Na weye unaniuliza nani." Akashika kitasa cha mlango. "Na zulia utalipa. Na kizingiti utakuja kusugua. Mwenyewe."

Akafunga.

Mbabula tupu ni nzito kuliko iliyojaa, nani alijua? Jocelyne aliirudisha akiiburuza kwa mkono mmoja, inakwaruza lami. Alipofika, Mwanaharusi hakumsimanga. Alikuwa amekwishakaanga, anapanga sambusa kwenye beseni.

"Ndilo neno nililotaka kukwambia," alisema bila kuinua macho. "Yule bibi wa miwani alikuja kabla, wewe umekwenda kununua uzi. Aliyemfungulia geti ni Murielle. Akamwonyesha kichaka, akamwonyesha na mbegu zilizoota kwangu. Nikadhani mmekubaliana. Ulivyopiga kelele ndipo nikajua hamkukubaliana."

Murielle alikuwa amerudi kutoka kazini. Ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, mkabala na kisiki cha buluu, anavua viatu vyenye udongo. Jocelyne alimwendea kasi, na kila alichokuwa nacho kikamtoka mdomoni kwa mkupuo. Nyoka! Nimekufuga nyoka! Mti uliokupa uhai! Mti Mungu alioutumia ili wewe usimame hapo na hivyo viatu! Unajua watu wangapi wangekuwa makaburini? Unajua mimi ni nani bila mti huo? Ni mwanamke aliyeachwa, anayepunguza suruali za watu!

Murielle alisubiri mpaka pumzi ya mama yake ilipoisha. Halafu akajibu, na safari hii hakujibu kwa Kiingereza. Kiswahili chake kilitoka kikichechemea, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Maman. Ile siku. Kikombe ilikuwa kwa mkono ya nani?"

Jocelyne akafungua mdomo. Jibu lilikuwepo tayari, limeng'arishwa na Jumatano zote zile: kwa mkono yangu, iligusa mudomo yangu, na weye ulikuwa umelala. Lilifika mpaka kwenye meno. Mtoto alikuwa anamtazama, hana hasira, anasubiri tu kama mtu anayesubiri chenji yake dukani.

Kwa sababu mtoto hakuwa amelala. Alikuwa macho, ana kiu, na maji ya machungwa yalikuwa matamu na nadra nyumbani kwao. Alikuwa ameomba. Na Jocelyne alikuwa amempa, akamshikisha kwa mikono yake miwili midogo, akamwambia kunywa, kwa maana alitaka kuhakikisha kwanza kwamba hatamwacha nyuma. Pasta Parfait alipopiga ukelele wake, kikombe kilianguka kutoka mikono hiyo. Sehemu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Alibadilisha mkono mmoja tu katika ushuhuda wote, na juu ya mkono huo mmoja akajenga kanisa zima, na akamsimamisha mtoto mwenyewe kila wiki aushuhudie uongo.

Ulimi wa uongo aliokwenda kuuchoma ng'ambo ya robot, alikuwa ameutembeza mwenyewe mdomoni njia nzima.

"Kwa mkono yako," alisema.

Murielle akaitikia kwa kichwa. Alivua kiatu cha pili, akakung'uta udongo kwenye ngazi, akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Jocelyne alitamani angebamiza.

Siku ya pili, baada ya ibada ambayo hakwenda, Jocelyne alikuwa kwa Hélène na brashi ya waya, amepiga magoti kizingitini. Kama unatafuta picha ya wanawake wawili wanaokumbatiana, utaikosa. Hélène alisimama juu yake na kikombe cha chai ambacho hakumkaribisha, akawa anamwonyesha kwa kidole cha mguu.

"Na hapa. Na ile pembe. Hapana, bado nyeusi."

Jocelyne alisugua. Kwa kawaida yake angekuwa ameshamtupia brashi. Alipomaliza, alitoa zulia alilolishona kwa vipande vya kitenge, akaliweka chini. Hélène akalikanyaga, akalijaribu kwa kisigino, akasema mishono ya upande mmoja imelegea. Kisha akasema, akiwa tayari amempa mgongo, kwamba Murielle ana miadi ya kusukwa mwisho wa mwezi, na mama wa mteja akitaka kuja kukaa na kunyamaza, kiti kipo.

Jumatano wakaja. Hakuna aliyekuwa ameambiwa asije. Waliweka viti vyao kuzunguka kisiki cha buluu wakakiangalia kama maiti, na baadhi wakaanza kulia mapema. Pasta Parfait alifika kutoka Turffontein na suruali nzima, akiwa na ujumbe: shetani amekata mti, hajakata mzizi! Wakaitikia. Kulikuwa na mwanamke mgeni, mwembamba, amekaa pembeni na macho yale yale ambayo Jocelyne aliyajua. Mbabula ilikuwa inawaka kwa makaa ya kawaida, ya kununua, na mikate imeiva kwenye beseni.

"Mama Mretemu," alisema Pasta, "huyu dada hajasikia bado. Mupatie ushuhuda. Mwambie kikombe."

Wote wakamgeukia. Wengine, kwa mazoea, tayari walikuwa wanatupa jicho kwenye dirisha. Pazia lilitikisika.

Jocelyne aliliona pazia. Akaliangalia kisiki, akamwangalia yule mwembamba, akachukua mkate ulio juu kabisa akamtia mkononi kwa nguvu kama anayemlipa kofi.

"Leo iko mukate na maji," alisema. "Ushuhuda haiko."

"Mama, lakini huyu dada..."

"Pasta, kula. Ule ushuhuda haikuwa yangu. Nilikuwa naiba. Haitatoka tena kwa hii mudomo, na mutu akiniuliza kikombe nitamufukuza kama nilivyofukuza Hélène. Kuleni."

Hakuna aliyeelewa. Wanawake wawili walichukua mikoba yao wakaondoka wamenuna, na hapana shaka kanisani Jumapili walikuwa na la kusema. Kiti cha mbele kimeshapata mkaaji mwingine. Waliobaki walikula, na yule mwembamba alikula wake wote na kuomba wa pili. Pasta alitafuta maana ya jambo hilo mpaka mkate ukampoa mkononi.

Murielle akatoka na shati la kazi, zamu yake ya mchana. Ilimbidi apite katikati yao, maana njia ya geti ni hiyo hiyo. Hakuna kidole kilichonyooshwa. Hakuna aliyemshika shavu. Alipofika kwenye beseni akainama bila kusimama, akachukua mkate, akauma.

"Mukate imeungua chini," alimwambia mama yake, akafunga geti.